Yaliyopita ya Mgombea: Yepi ni Haki Yetu Kuyajua?

Wasomaji wetu, wakereketwa wa mageuzi na waumini wa makanisa ya Matuu na Yatta kwa jumla, uchaguzi wa Agosti 10, 2027 umeanza kubisha hodi. Dalili zake mnazijua. Wanaotamani viti wameanza kuonekana katika mazishi ya watu ambao hawakuwajua walipokuwa hai. Viti vya mbele kanisani vimeanza kupata wageni. Na karatasi zisizo na jina la mwandishi zimeanza kutembea kutoka mkono hadi mkono.

Karatasi moja ya namna hiyo ilitufikia Jumapili moja baada ya ibada, katika ua wa kanisa lililo karibu na barabara kuu ya kutoka Thika kwenda Garissa. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa chapa vizuri. Ilimhusu mama mmoja anayetaka kiti cha uwakilishi wa wadi. Ilidai kwamba alimzaa mtoto wake wa kwanza kabla ya kuolewa. Kwamba alimwacha mumewe miaka 15 iliyopita. Na kwamba mwanamke aliyeshindwa na nyumba moja hawezi kuachiwa wadi nzima. Aliyetuletea ni mzee wa kanisa ambaye tunamheshimu, maana ndiye aliyetufundisha shule ya Jumapili tukiwa watoto. Alitaka tuichapishe katika jarida hili. "Wakili," alisema, "ninyi ndio mnaohubiri kila siku kwamba viongozi wachunguzwe. Basi sisi tumechunguza."

Tulikataa, na tangu siku hiyo salamu zetu zimekuwa za baridi. Hata hivyo mzee huyo si mjinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. Ikiwa tunadai kwamba maisha ya kiongozi yaangaliwe, kwa nini tufunge macho mbele ya maisha ya huyu? Nani ametupa sisi mamlaka ya kuchagua lipi lisemwe na lipi lifichwe? Anastahili jibu kamili, nasi tutalitoa hapa hadharani, tukianza na mahali tulikotoka.

Wako wanaodhani kwamba uchunguzi wa wagombea uliletwa na Katiba ya 2010. La hasha. Katika enzi ya chama kimoja yaliyopita ya mtu yalipekuliwa kwa bidii kubwa kuliko leo. Tofauti iko katika swali la nani aliyepekua, na kwa faida ya nani. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Jamhuri hii, alizuiwa kugombea ubunge mwaka 1974, akazuiwa tena mwaka 1979. Dhambi yake ilikuwa kukiongoza KPU, chama kilichopigwa marufuku mwaka 1969. Hapakuwa na chama kingine cha kukimbilia, kwa hiyo aliyekataliwa na KANU alikuwa amekataliwa na nchi nzima, hata kama wapiga kura wake walimtaka. Katika uchunguzi wa aina hiyo mwananchi hakuulizwa neno. Aliletewa orodha iliyokwisha kusafishwa.

Mtazameni pia marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1982 aliacha kazi yake katika Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee kiti cha Bunge katika uchaguzi mdogo huko Nyeri. Wakuu wa uchaguzi wakafukua, wakaona kwamba hakuwa amejiandikisha upya kuwa mpiga kura wakati wa uchaguzi wa 1979. Akazuiwa kwa sababu hiyo, na alipotaka kurudi kazini akakuta mlango umefungwa. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika Bustani ya Uhuru jijini Nairobi. Hoja zake zilikuwa za ardhi ya umma na deni la taifa. Wabunge waliosimama kumjibu hawakugusa ardhi wala deni. Walisema kwamba yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Talaka yake ya miaka ya 1970 ikafanywa jibu la swali la bustani! Mwaka 2002, katika uchaguzi uliokuwa huru zaidi, watu wa Tetu walimpa asilimia 98 ya kura zao, na miaka miwili baadaye dunia ikampa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mzee wetu, tunakuomba uisome karatasi yako tena baada ya kuikumbuka habari hiyo.

Hapa kwetu Machakos mchezo huo tunaujua. Gavana Wavinya Ndeti, kabla ya kushinda mwaka 2022, alisikia mara nyingi ndoa yake na mume wa kutoka Nigeria ikitajwa na wapinzani kana kwamba ni shtaka. Tuna mambo yetu ya kumwuliza gavana kuhusu barabara, zahanati na pesa za wadi, nasi tutamwuliza. La mumewe halimo katika hesabu hizo.

Lakini hapo tusimame kidogo, maana wako wenzetu wa upande wa mageuzi wanaokimbilia neno "mambo ya binafsi" kila wanapobanwa, wakitaka kila kilichopita kifunikwe. Hao nao hatukubaliani nao. Na kwa kuwapinga hatuna haja ya kwenda mbali. Tunaye Paul Ngei.

Wazee wa rika la wazazi wetu walimpenda Ngei, na hatuandiki haya kumvunjia heshima marehemu. Alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria waliohukumiwa Aprili 1953 pamoja na Mzee Kenyatta. Kama rekodi ya jela ndiyo ingekuwa kipimo chetu, Ngei asingepata hata ukatibu wa kijiji. Lakini jela hiyo ilikuwa heshima yake. Sisi watu wa Matuu tungekuwa wa mwisho kumdharau mtu kwa kufungwa. Maji ya mfereji wa Yatta yanayonywesha mashamba yetu yanapita katika mtaro uliochimbwa miaka ya 1950 na mahabusu wa Mau Mau, watu ambao karatasi za serikali ya wakati huo ziliwaita wahalifu. Mboga tunazouza sokoni zinakua kwa jasho la watu wenye "rekodi mbaya". Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba fulani aliwahi kufungwa, swali letu la kwanza ni hili: alifungwa kwa kosa gani, na nani aliyeumizwa na kosa hilo?

Yaliyopita ya Ngei yaliyotuhusu yalianza baada ya jela. Katika njaa ya 1965, wakati Wakenya walipokuwa wakila mahindi ya msaada kutoka Marekani, yeye alikuwa waziri aliyesimamia masoko na vyama vya ushirika. Minong'ono ya magendo ya mahindi ikawa mingi hata tume ya uchunguzi ikaundwa, na ripoti yake ikatolewa mwaka 1966. Ngei alisimamishwa uwaziri wakati wa uchunguzi, kisha akarudishwa katika Baraza la Mawaziri. Mambo yakapoa. Baada ya uchaguzi wa 1974 mahakama ilimpata na hatia ya kosa la uchaguzi, akapoteza kiti chake, na kwa sheria ya wakati huo hakuruhusiwa kugombea tena kwa miaka mitano. Ndipo likatokea jambo ambalo sisi tuliosoma sheria tulifundishwa kama mfano wa kuogofya. Desemba 1975 Bunge lilibadilisha Katiba kwa haraka ya ajabu ili kumpa Rais uwezo wa kumsamehe mtu aliyepatikana na kosa la uchaguzi. Katiba ya nchi nzima ilifinyangwa kwa ajili ya mtu mmoja. Akasamehewa, akarudi. Kilichomwondoa mwishowe, mwaka 1990, kilikuwa madeni: mahakama ilimtangaza kuwa mufilisi, na mufilisi hawezi kuwa mbunge.

Tunaliuliza hili kwa upole: katika miaka hiyo yote 25, ni nani hakujua? Wakuu walijua. Bunge lilijua. Na wapiga kura, tuseme kweli, wengi wao walijua pia. Lakini kila mara ilisemwa kwamba huyu ni wetu, ametuteteeni gerezani, mwacheni. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, na yaliwagharimu watu wa Machakos mengi.

Mwekeni kando yake Bildad Kaggia, aliyefungwa naye kwa hukumu ile ile. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara, Mzee Kenyatta alimkemea Kaggia, akamlinganisha na wenzake wa gerezani waliokwisha kujipatia mashamba, Ngei akiwa mmoja wao, akamwuliza yeye amejifanyia nini. Yaani mkuu wa nchi alisimama mbele ya umma akahesabu kuwa aibu jambo ambalo lilikuwa ndicho cheti bora cha Kaggia: kwamba aliwekwa karibu na mali asiichukue. Watu wawili walitoka jela moja, na sababu ya kifungo chao ilikuwa moja. Mtu aliyetaka kuwajua asingepata lolote kwa kuchungulia ndoa zao. Angepata kila kitu kwa kutazama walivyoshika kilichokuwa cha wengine.

Hapo ndipo tunapoweka mpaka wetu. Kinachotuhusu katika jana ya mgombea ni namna alivyoitumia mikono yake juu ya mali ya watu, na juu ya watu wenyewe, hasa wale walio chini yake ambao hawakuwa na uwezo wa kumjibu. Yaliyobaki ni yake na Mungu wake, na jamaa zake.

Msidhani mpaka huo ni wa kuwapendelea waovu wa nyumbani. Mwanamume anayempiga mkewe hawezi kujificha nyuma ya neno "ndoa", kwa kuwa tangu mwaka 2015 tuna sheria mahususi ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa nyumbani, na hata kabla ya hapo kupiga mtu kulikuwa jinai. Mwajiri asiyemlipa yaya wake miezi sita anatuhusu, hata kama ni mwimbaji mzuri wa kwaya. Aliyemwachisha shule msichana kwa mimba kisha akamkana anatuhusu, wala si kwa sababu ya zinaa. Anatuhusu kwa sababu amemwacha mwingine abebe mzigo wake. Lakini mama aliyeondoka katika nyumba ambayo hatujui alivyoishi ndani yake, amewadhulumu nini wakaaji wa wadi?

Mwaka 2011 taifa lilipata nafasi ya kuutazama mpaka huu mbele ya kamera. Tume ya Huduma za Mahakama iliwahoji hadharani waliotaka kuwa Jaji Mkuu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu uhuru. Mmoja wao alikuwa Dakta Willy Mutunga, jirani yetu wa Kitui, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1982 akiwa mwalimu wa sheria, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, lile shirika lisilo la serikali. Wengi wenu mnakumbuka yaliyozungumzwa makanisani majuma yale. Ilikuwa hereni, na hereni, na hereni. Kipini kimoja cha sikio kilipata mahubiri mengi kuliko rundo la kesi zilizokuwa zikioza mahakamani. Talaka yake nayo ikatajwa. Yeye alijibu yote akiwa ameketi, bila kuficha, na Bunge likamwidhinisha.

Aliyeidhinishwa pamoja naye kuwa Naibu wa Jaji Mkuu, Nancy Baraza, hakuwa na hereni ya kuzua gumzo. Kabla ya mwaka kwisha, Desemba 31, 2011, alilaumiwa kwa kumtisha mlinzi wa duka la Nairobi aliyetaka kumkagua kama alivyowakagua wateja wengine. Jopo lililochunguza kisa hicho lilipendekeza aondolewe, naye akajiuzulu Oktoba 2012. Hatulisemi hili kwa kumsimanga, maana alikuwa mwanasheria wa sifa nyingi na wengi wetu tulisikitika. Tunalisema kwa sababu jambo lililoivunja kazi yake lilikuwa namna ya kumtendea mlinzi wa mlangoni. Kama swali hilo lingeulizwa kwa kila mwombaji, na walinzi, madereva na makarani wao wakasikilizwa, huenda tungejua mengi kuhusu wote, naye Mutunga akiwemo. Sisi waumini tuliuliza kuhusu sikio.

Sasa tuje kwenye sheria, nasi tutajitahidi tusiwachoshe. Kifungu cha 73 cha Katiba kinasema madaraka ya afisa wa serikali ni amana ya umma. Sura ya Sita yote imejengwa juu ya neno hilo, na Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 ikafuata. Ukisoma hapo tu utadhani mwizi hawezi kuipata hata fomu ya uteuzi. Lakini endelea hadi Kifungu cha 99, kinachohusu wanaotaka ubunge. Humo imeandikwa kwamba aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, au aliyethibitishwa kutumia vibaya ofisi ya umma, haruhusiwi kuchaguliwa. Kisha inaongezwa kwamba kizuizi hicho hakifanyi kazi mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Sisi mawakili tunajua rufaa za Kenya. Mtu anaweza kushtakiwa akiwa na nywele nyeusi, akachaguliwa mara mbili, na kumaliza rufaa akiwa na mvi.

Ndiyo maana kabla ya uchaguzi wa 2022 tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ilipopeleka majina 241 ya watu iliowatilia shaka ya maadili, tume ya uchaguzi ilieleza kwamba haiwezi kumzuia mtu ambaye bado ana rufaa. Aliyekuwa Gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alizuiwa kugombea Mombasa kwa sababu shauri la kung'olewa kwake lilikuwa limefika Mahakama ya Juu na kuamuliwa Julai 2022, majuma machache kabla ya kura. Wangapi wanafikishwa hapo?

Wapo wanaotaka kifungu hicho kifutwe, mshukiwa yeyote azuiwe. Hatuungi mkono. Tumeona jinsi mashtaka yanavyoweza kufunguliwa Ijumaa ili kumwondoa mpinzani Jumatatu, na mahakama haina budi kumhesabu mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Kanuni hiyo ilitulinda sisi wapenda mageuzi tulipokuwa tukishtakiwa kwa uchochezi. Lakini tafadhali msichanganye mizani mbili. Jaji anauliza kama mtu afungwe. Mpiga kura anauliza kama akabidhiwe ufunguo. Ukiajiri mlinzi wa ghala la ndengu hungoji Mahakama ya Rufaa ikuambie kwamba aliiba ghala la jirani; unamwuliza jirani. Wanasiasa wetu wamekuwa hodari wa kusema "mahakama haijanihukumu", nasi tumekuwa wepesi wa kutikisa kichwa kana kwamba mahakama imepiga kura kwa niaba yetu.

Upande wa pili, kumwuliza jirani si kumsingizia mtu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kama mawakili, methali hiyo tunaiogopa kuliko zote, kwa maana imewafunga watu wengi wasio na kosa. Ni kweli kwamba tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kosa la jinai la kukashifu, mtu hawezi kupelekwa gerezani kwa kosa hilo. Lakini shauri la madai lingalipo, na aliyechapisha uongo atalipa fidia. Kifungu cha 31 nacho kinamkinga kila mtu dhidi ya kufichuliwa bila sababu kwa habari za jamaa yake na mambo yake ya faragha. Tunayapenda maneno hayo mawili, "bila sababu". Ikiwa sababu ipo, yaani mali au mtu ameguswa, sema, taja tarehe, onyesha karatasi, weka jina lako chini. Karatasi ya mzee wetu haikuwa na lolote katika hayo manne.

Sasa tufike mahali ambapo tungependelea tusifike. Mwaka 2013, katika uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba mpya, tulikuwa bado wachanga katika kazi ya uwakili, tena wakereketwa wa kupindukia. Tulijitolea kumsaidia mgombea mmoja wa upande wetu wa mageuzi, katika wadi moja ya huku Ukambani, tukasimama naye jukwaani. Miezi michache kabla ya hapo, tukitafuta jalada jingine katika masijala ya mahakama, tulikuwa tumekuta jalada lenye jina lake. Akina mama wa kikundi kimoja walichanga pesa za kununua ploti kwa mikono yake, ploti ikawa imekwisha kuuzwa kwa mwingine, wakashtaki, akaahidi kulipa, akalipa baadhi yao. Hakuwa mteja wetu, wala jalada halikuwa siri. Mtu yeyote angeweza kulipa ada ndogo akalisoma. Tulilirudisha mahali pake tukanyamaza. Tulijiambia kwamba adui yuko upande wa pili, na kwamba kulitaja ni kumpa silaha.

Alishinda. Aliyoyafanya kitini hatutayaeleza, kwa sababu ushahidi hatuna. Lakini mwaka uliofuata, kwenye mazishi, susu mmoja alitushika mkono. Alikuwa mmoja wa wale akina mama, tena wa wale ambao hawakulipwa. Alitwambia kwamba siku ya kura alimpigia yule mtu. Tukashangaa, tukamwuliza kwa nini. Akasema: "Wakili mwanangu, nilikuona umesimama naye. Nikadhani wewe umesoma vitabu, huwezi kusimama na mtu ambaye hajalipa. Nikajua wenzangu wamelipwa, bado mimi tu." Kisha akauliza, bila hasira: "Kwani wewe hukujua?"

Tulimdanganya. Tulisema hatukujua.

Kwa hiyo tunapowaambia wakereketwa wenzetu kwamba tuwaanze walio wetu, hatusemi kutoka mimbarini. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na sisi tulimfanya mama wa watu alie kwa niaba yetu.

Waumini watatuuliza: je, hakuna msamaha? Mtu akiokoka, yale ya kale hayajapita? Tunaamini yamepita mbele ya Mungu. Lakini mkumbukeni Zakayo wa Yeriko, yule mtoza ushuru (tunajua jina lake lilivyotumiwa na vijana wa 2024 kwa kejeli ya kodi, lakini tumrudie mwenyewe wa katika Injili). Toba yake ilikuja na hesabu. Nusu ya mali aliitoa kwa maskini, na aliyedhulumiwa akaahidiwa mara nne. Kanisa linalompokea mgombea aliyeokoka lina haki ya kumwuliza kama akina mama wa ploti wamelipwa. Mara nne hatudai. Hata mara moja ingetosha.

Na kanisa lina swali lake lenyewe la kujibu. Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa mamilioni ya shilingi uliotolewa na Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, akaagiza pesa zirudishwe. Wengine waliliona kama tusi kwa mkuu wa nchi. Sisi tuliliona kama mara ya kwanza kwa miaka mingi kanisa kubwa kuuliza hadharani bahasha imetoka wapi. Hapa Yatta je? Ni mchungaji gani, ni kamati gani ya ujenzi, iliyowahi kumwuliza mheshimiwa mtarajiwa swali hilo kabla ya kumpa kipaza sauti? Tunapekua tumbo la mama aliyezaa kabla ya ndoa, na mfuko wa bwana aliyeleta mabati hatuupekui. Tena, kwa kuwa tunasema yote, ile karatasi ilikuwa imepigwa chapa kwa rangi mbili. Nani alilipa?

Mama aliyeandikwa humo amekuwa mweka hazina wa kikundi cha maji kwa miaka kadhaa. Kikundi kina daftari. Wanachama wana stakabadhi. Kama amekula shilingi ya maji, itaonekana, nasi tutaichapisha hapa pamoja na majibu yake, hata kama ni mtu tunayempenda. Mpinzani wake, yule bwana wa mabati, aliwahi kukaa katika kamati iliyogawa karo za wanafunzi maskini. Orodha za kamati hiyo ni karatasi za umma, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuziomba. Tumekwisha kuandika barua ya kuziomba. Majalada ya mahakama ya Kithimani nayo yako wazi kwa anayelipa ada.

Tumemtumia mzee wetu ujumbe kwamba Jumatatu asubuhi tutakwenda Kithimani kwanza, kisha kwa wenye daftari la maji, na kwamba tungependa aje nasi asome kwa macho yake mwenyewe, majina yote mawili. Ile karatasi yake tumeirudisha ndani ya bahasha. Hajajibu bado. Nafasi yake garini tumeiacha.